Safu Moja, Darsa Moja: Funzo Kutoka Riyadha ya Lamu

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.).

Tunapozungumzia usawa katika Uislamu, aghalabu tunataja safu ya swala: tajiri na fukara, bega kwa bega. Ni kweli. Lakini historia ya mwambao wetu inatuonyesha kuwa watu wanaweza kuswali pamoja na bado wakabaguana katika elimu.

Mwishoni mwa karne ya 19, watu wa Lamu walikuwa na madaraja: waungwana, wageni na watumwa. Elimu ya juu ya dini ilikuwa zaidi mikononi mwa waungwana. Ndipo Habib Swaleh bin Alwy Jamalilleil, sharifu mzaliwa wa Ngazija, alipowafungulia darsa watumwa na wanyonge wa mji. Baadhi ya wakubwa walichukizwa, lakini yeye hakuacha. Kutokana na juhudi hizo ukasimama Msikiti wa Riyadha, karibu na mwaka 1900. Serikali ya kikoloni ilifuta utumwa kisheria katika mwambao wa Kenya mwaka 1907. Darsa, basi, lilitangulia sheria hiyo.

Je, Habib alizua jambo? La. Bukhari amepokea kwamba Salim, aliyekuwa mtumwa kisha akaachwa huru, ndiye aliyewaswalisha Muhajirina wa mwanzo huko Quba kabla ya Mtume (S.A.W.) kuwasili, kwa kuwa aliwazidi katika Qur'ani. Na katika madhhab yetu ya Shafi, swala nyuma ya imamu mtumwa inasihi. Kilichowazuia wanyonge wa Lamu hakikuwa fiqhi, bali ada ya mji iliyovikwa kanzu ya dini.

Habib Swaleh alieneza pia Maulidi ya Habshi, ambayo hadi leo hukusanya watu Lamu kila mwaka. Maulamaa wamekhitilafiana kuhusu maulidi, na hapa si mahali pa mjadala huo. Lakini juu ya wajibu wa kutafuta elimu hapana khitilafu.

Habib alifariki mwaka 1935. Sisi tulio nyuma yake, maimamu na wanafunzi, tujiulize: mtumishi wa nyumbani, mchukuzi na aliyesilimu jana wana nafasi katika darsa zetu, au tumewaachia safu ya swala tu? Suratul Hujurat, aya ya 13, imekwisha kutuwekea kipimo: ni ucha Mungu, si nasaba.

Wabillahi tawfiq.