Nguba: mwanamke na kazi ya mekanika
Njia ya msichana wa Nguba anayetaka kuwa injinia wa mekanika inajulikana: miaka 4 ya shule ya ufundi, mtihani wa Serikali, kisha chuo. Baada ya diploma, kupata kazi njo kunasumbua. Kule Kinshasa, injinia Thérèse Izay Kirongozi, aliyesomea ISTA, alianzisha Women Technology ili wanawake wenye diploma za ufundi wapate pa kuanzia. Mwaka 2013 roboti zao za aluminiamu, zinazotumia nguvu za jua, zilianza kuongoza magari barabarani. Huku Bukavu pia mashine haziko mbali: mto Ruzizi, unaotoka Ziwa Kivu pale Nguba, unazungusha turbini za SNEL. Turbini zinahitaji fundi, awe mwanamke ao mwanaume.