Mtoto hadeki, anakumbuka kwao: historia ya ugonjwa ambao mashine haiuoni

1.
Mara ya mwisho tulimaliza habari za chanjo za watoto wachanga. Leo twende kwa wakubwa, wale wa miaka 13 hadi 18, ambao tunadhani wameshapita umri wa kutusumbua usiku. Weka chai karibu, uzi ni mrefu, sehemu nane.

Naanza na langu, na binti yangu kaniruhusu kulisema. Alinifuata Uingereza akiwa na miaka 14. Mimi nilitangulia miaka mitatu kabla kwa kazi ya uuguzi, yeye akabaki Tanga kwa bibi yake. Mwezi wa kwanza mambo sawa. Mwezi wa pili yakaanza: asubuhi tumbo, jioni kichwa, chakula hataki, usiku yuko macho. Mimi si muuguzi? Nikapima joto, nikapima presha, nikampeleka kwa daktari. Damu ikachukuliwa, mkojo ukachukuliwa, majibu yote safi. Basi nikamwambia maneno ambayo hadi leo nikiyakumbuka naona aibu: "Wenzio wanalilia nafasi hii, wewe unadeka tu."

Kumbe lile lililompata lina jina, na jina lenyewe lina umri wa zaidi ya miaka 330. Ningeijua historia yake mapema, nisingesema vile. Ndiyo maana nawaletea.

2.
Mwaka 1688, katika mji wa Basel, Uswisi, kijana mmoja anayesomea udaktari aliandika tasnifu yake. Jina lake Johannes Hofer, na alikuwa na miaka 19. Naye hakuwa mwenyeji wa Basel, alizaliwa Mulhouse. Yaani aliyeandika habari ya vijana walio mbali na kwao alikuwa mwenyewe kijana aliye mbali na kwao.

Hofer alisema kuna ugonjwa ambao watu wa kawaida wanaujua lakini madaktari hawajauandika. Akaunga maneno mawili ya Kigiriki, "nostos", yaani kurudi nyumbani, na "algos", yaani maumivu. Ikawa nostaljia. Leo tunalitumia neno hili kwa utamu wa kukumbuka nyimbo za zamani, lakini lilizaliwa kama jina la ugonjwa, kwenye fungu moja na homa na kuhara.

Anaeleza habari ya mwanafunzi aliyetoka Bern kuja kusoma Basel. Kijana akadhoofika, akashikwa na homa na wasiwasi, hali ikawa mbaya hadi watu wakaanza kumwombea. Ikaamuliwa arudishwe kwao. Aliposikia tu kwamba safari inaandaliwa, akaanza kupata nguvu. Wakamlaza kwenye machela, wakaondoka naye, na kabla hawajafika Bern alikuwa amepona.

Na kuna msichana wa shamba aliyeanguka akaumia, akalazwa hospitali. Alipozinduka akajikuta kati ya watu asiowajua. Chakula akakataa, dawa akakataa, kila anachoulizwa jibu ni lilelile, anataka kwenda kwao. Wazazi wakamchukua. Siku chache tu nyumbani akawa mzima, bila dawa.

Sisi tunaofanya kazi wodini, huyo msichana tunamjua. Kila wodi ina wa kwake.

3.
Sasa madaktari wakikuta jambo wasilolielewa hutafuta sababu pale wanapopajua. Mwanzoni mwa karne ya 18, daktari mmoja wa Zürich aitwaye Johann Jakob Scheuchzer alisema chanzo ni hewa. Waswisi wamezoea hewa nyepesi ya milimani, wakishuka mabondeni hewa nzito inawabana mwili, damu inakwenda taratibu. Dawa? Mpandishe mgonjwa kilimani, au juu ya mnara.

Tunacheka, lakini ngoja. Mimi nilichukua damu ya binti yangu na mkojo wake, nikauliza vipimo vinasemaje. Swali la "mwanangu, unamkumbuka nani?" sikuuliza. Kila zama na mnara wake.

Waliougua sana walikuwa vijana wa Kiswisi walioajiriwa kama askari katika majeshi ya nchi nyingine. Mwandishi Jean-Jacques Rousseau aliandika katika kamusi yake ya muziki kwamba wimbo wa wachungaji wa ng'ombe wa Uswisi ulikatazwa kupigwa mbele ya askari hao, kwa kuwa wakiusikia walilia, wakatoroka, au wakafa. Na akaongeza jambo la akili sana: nguvu haikuwa kwenye sauti za wimbo, maana mgeni akiusikia haimwingii. Nguvu ilikuwa kwenye kumbukumbu. Wimbo uliwarudishia ujana wao, nyumba zao na desturi zao kwa mpigo mmoja.

Ukitaka kujua anachosema, pika wali wa nazi kwenye nyumba ya ghorofa huko Birmingham mwezi wa Januari, kisha mwangalie mtoto wako usoni.

4.
Mnasema hayo ni ya Wazungu wa kale? Twende Marekani, vita ya wenyewe kwa wenyewe, 1861 hadi 1865. Madaktari wa jeshi la Kaskazini waliandika kwenye daftari zao wagonjwa zaidi ya 5,000 wa nostaljia, na vifo 74. Wengi wa askari wale walikuwa vijana wa shamba, mara ya kwanza kulala nje ya kijiji chao. Tukumbuke kwamba kambi zilijaa kuhara na homa ya matumbo, na mtu aliyekata tamaa hali chakula, kwa hiyo maradhi mengine yanamwahi. Lakini daktari aliyeandika "nostaljia" aliona kitu mbele yake, hakukitunga.

Tatizo likaja kwenye tiba. Kumrudisha askari nyumbani jeshi halikutaka, kwa hiyo wapo madaktari walioanza kusema ni udhaifu wa tabia, dawa yake ni kazi nyingi na kuaibishwa mbele ya wenzake. Hapo ndipo ugonjwa ulipoanza kugeuka kuwa kosa. Kadiri miaka ilivyokwenda, nostaljia ikatoka kwenye vitabu vya tiba, ila ile aibu ikabaki. "Unadeka" yangu ilitoka huko mbali, nami sikujua.

5.
Sehemu hii inatuhusu sana sisi wauguzi.

Hadi katikati ya karne iliyopita, hospitali nyingi za Uingereza hazikuwaruhusu wazazi kukaa na watoto waliolazwa. Kuna mahali waliruhusiwa saa chache tu kwa wiki. Sababu waliyotoa ni kwamba mama akija mtoto analia, asipokuja mtoto anatulia.

Mwaka 1952 James Robertson alionyesha filamu aliyomrekodi mtoto wa miaka miwili aliyelazwa siku nane. Alichosema ni kwamba kule kutulia si kupona. Kwanza mtoto analia na kudai mama. Baadaye anakata tamaa, ananyamaza. Mwisho anajitenga, anacheka na kila mtu, na mama akija hamkimbilii. Wauguzi walipoiona hatua hii ya mwisho wakaandika kwamba mtoto amezoea. Madaktari wengi walimkasirikia Robertson. Lakini mwaka 1959 ripoti ya serikali, inayojulikana kama Ripoti ya Platt, ikapendekeza wazazi waruhusiwe kumtembelea mtoto wakati wowote, na mama wa mtoto mdogo aweze kulala naye. Leo ukilala kwenye kiti pembeni ya kitanda cha mwanao, kiti hicho watu walikipigania.

Nimeileta kwa sababu hii: kijana aliyehama naye hunyamaza. Anakwenda shule, anarudi, anafunga mlango, simu mkononi. Sisi tunaambiana, "Ameshazoea." Ulizeni kwanza.

6.
Haya, turudi kwetu Waswahili. Zanzibar, Januari 1964, Mapinduzi. Maelfu waliondoka wakati ule na miaka iliyofuata, na miongoni mwao walikuwa vijana ambao hakuna aliyewauliza wanataka nini.

Mmoja ni Abdulrazak Gurnah, aliyezaliwa Unguja mwaka 1948. Alifika Uingereza akiwa na miaka 18, mwishoni mwa miaka ya 1960. Akaanza kuandika akiwa na miaka 21. Kisiwani hakuweza kurudi hadi 1984, akawahi kumwona baba yake muda mfupi kabla mzee hajafariki. Mwaka 2021 akapata Tuzo ya Nobeli ya Fasihi. Katika riwaya yake Pilgrims Way, ya mwaka 1988, mhusika mkuu Daud ni kijana kutoka Tanzania anayefanya kazi hospitalini Uingereza. Wenzangu wa wodini, hicho kitabu kinatuhusu.

Zingatia hapo: dawa ya Hofer, yaani mrudishe kwao, kwa kijana huyu haikuwepo kwa miaka mingi. Na watoto wetu wengi ni hivyohivyo. Nauli, viza, shule, kazi ya mama. Machela ya kwenda Bern haipo.

7.
Na kuna kundi jingine ambalo habari yao ni ngumu zaidi. Mwaka 1970 Sultan Qaboos alishika madaraka Oman na kuwaita Waomani walio nje warudi kujenga nchi. Familia nyingi zenye asili ya Oman zilizotoka Zanzibar na mwambao zikaenda. Wazee waliita kurudi. Lakini fikiria wewe una miaka 15, umezaliwa Unguja, umecheza Forodhani, Kiswahili ndicho unachootea ndoto, Kiarabu chako cha kuungaunga. Unaambiwa unarudi nyumbani, kwenye nchi ambayo hujawahi kuiona.

Unguja waliitwa Waarabu. Walipofika Muscat wakaitwa Wazanzibari. Kwenu wapi? Kila upande unakuelekeza upande mwingine.

Walichofanya ni kujenga kwao ndani ya nyumba. Kiswahili kikabaki jikoni na barazani, mandazi yakapikwa, na hadi leo ukienda Muscat utasikia Kiswahili kwa watu ambao wengine hawajawahi kukanyaga Zanzibar. Hawakumaliza kukumbuka. Walikipa kile kinachokumbukwa mahali pa kukaa.

Ndiyo maana umri huu ni mgumu. Mtoto wa miaka miwili ukimhamisha, kwao ni mgongo wa mama. Mtu mzima alichagua mwenyewe, akafunga begi lake. Kijana ameshakuwa na kwao, ana rafiki, ana njia ya shule anayoijua gizani, halafu uamuzi si wake. Na sisi tuna methali inayosema mkataa kwao ni mtumwa. Tumemlea kwa methali hiyo, kisha tunashangaa akipakumbuka!

8.
Sasa tufanye nini? Nasema kama muuguzi na kama mama aliyekosea.

Maumivu ya mwili yapimwe kwanza, usiseme ni mawazo kabla ya vipimo. Vipimo vikiwa safi, usimwambie hana kitu. Ana kitu.

Kiite kwa jina lake. Kiswahili chetu kimetusaidia, neno moja la kukumbuka linabeba kumbukumbu na hamu pamoja. "Unakumbuka nyumbani?" ni swali ambalo mtoto anaweza kulijibu bila aibu.

Usimwahidi safari usiyo na nauli yake. Mtoto atahesabu siku, na siku ikipita bila safari atajifunza kutokukuamini. Mwambie ukweli wa pesa, hata kama ni mchungu.

Mpe uamuzi wowote anaoweza kuubeba: rangi ya chumba, chakula cha Jumapili, lini apige simu kwa bibi. Alihamishwa bila kuulizwa, basi sasa aulizwe.

Na akiacha kula hadi anapungua, au halali wiki mbili mfululizo, au anajiumiza, au anasema afadhali asingekuwepo, usingoje uzi wangu mwingine. Siku hiyohiyo nenda naye kituo cha afya, na usimwache peke yake.

Binti yangu nilimwomba radhi mwaka uliofuata. Nilichelewa, lakini nilimwomba. Tulianza kumpigia bibi kila Jumamosi wakati anapika, simu tunaiegemeza kwenye kopo la sukari, bibi anakuna nazi huko, sisi tunafungua ya kopo huku, yeye anatucheka. Tumbo halikupona siku moja. Lilipungua kidogo kidogo, likirudi kila sikukuu.

Sasa ana miaka 19, umri wa Hofer alipoandika. Tanga bado anaiita nyumbani. Hapa tunapoishi anapaita "kwa mama". Zamani ingeniuma. Siku hizi namsikia akimwambia rafiki yake kwenye simu, "Leo niko kwa mama," nami naendelea kukunja nguo.

Mama mwenye kijana aliyehama, awe ametoka Tanga kwenda London au Kigoma kwenda Dar, leo jioni gonga mlango wake ukaulize. Ukipata jibu, niandikie. Wiki ijayo tutaongea upungufu wa damu kwa wasichana. Mbaki salama.