Kombi Imefufuka, Hiace Haijafa

Mwaka 1947 mfanyabiashara Mholanzi, Ben Pon, alichora kwenye daftari gari lenye umbo la boksi. Mwaka 1950 Volkswagen ikaanza kulitengeneza. Huku kwetu likajulikana kama Kombi. Mwaka 2022 likarudi likiwa la umeme, kwa jina la ID. Buzz, na wazee wengi wa Ulaya wakaukumbuka ujana wao.

Ulemo, wilayani Iramba, kumbukumbu za aina hiyo zina haraka, maana gari la zamani bado liko kazini. Toyota HiAce, iliyozaliwa mwaka 1967, imedumu kwenye njia zetu kwa sababu spea zake hazisumbui na fundi huifungua chini ya mti, bila kompyuta.

Nairobi, kampuni ya BasiGo ilianza kujaribu matatu ndogo za umeme mwaka 2024. Zikifika Singida, tutauliza bei na mahali pa kuchajia. Lakini tuanze na fundi: nani atamfundisha kuifungua betri? Asipofundishwa, abiria wa Ulemo atapata gari lisilo na moshi wala kelele, limeegeshwa kituoni likimsubiri mtaalamu kutoka Dar es Salaam.