Kutoka Bao hadi Vita vya Skrini: Historia ya Mpinzani wa Mashine

Katika mwambao wa Ziwa Victoria, mashindano ya akili baina ya watu wawili waketio wakitazamana ni ya kale kuliko mipaka ya nchi zinazolizunguka ziwa hilo: Wasukuma wana isolo, Waganda wa ng'ambo ya kaskazini wana omweso, na huko Butiama, upande wa mashariki, Mwalimu Julius Nyerere alijulikana kwa mapenzi yake ya bao. Michezo hii ni ya ukoo mmoja, na yote ina sifa ambayo baadaye iliwafaa sana waandishi wa programu za kompyuta, yaani kete zote ziko wazi mbele ya wachezaji wote wawili, na hakuna achezaye kabla zamu yake haijafika.

Uwazi huo hauufanyi mchezo kuwa mwepesi. Katika bao la Kiswahili, lenye mashimo 32 na kete 64, kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni, sita kati ya hizo zikiwa katika shimo liitwalo nyumba, na kubaki na 22 mkononi ambazo huziingiza moja moja katika hatua ya namua. Hatua ya mtaji hufuata zinapokwisha. Kete ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete, mwendo huendelea, na kwa kuwa mwendo mmoja waweza kuzunguka pasipo kikomo, programu isiyowekewa kanuni ya kuusimamisha itakwama. Mholanzi Alex de Voogt aliwachunguza mafundi wa bao wa Zanzibar katika tasnifu yake ya mwaka 1995, na mwaka 2002 Jeroen Donkers na Jos Uiterwijk wa Maastricht waliandika juu ya namna ya kuifundisha kompyuta bao. Mbinu ya msingi ilikuwa ile ya sataranji: mashine huchora mti wa miendo yote inayowezekana, huku ikichukulia kwamba mpinzani atachagua jibu lililo baya zaidi kwa mashine, kisha huchagua tawi lenye hasara ndogo kuliko yote.

Mambo yalibadilika kabisa ilipozuka michezo ya mkakati wa papo kwa papo, ambayo Dune II ya mwaka 1992 huhesabiwa kuwa mfano uliotoa sura yake. Humo kila upande huchuma mali, hujenga ngome na kuunda majeshi kwa wakati mmoja na adui, bila zamu, na sehemu za ramani zisizo na askari wake hufunikwa na ukungu wa vita. Mti wa miendo haukutosha tena, kwa kuwa mashine haikuwa na muda wa kuutembea wala haikujua adui yuko wapi. Watengenezaji wengi walijibu kwa njia ya mkato: waliiruhusu mashine ione nyuma ya ukungu, au waliipa mali ambayo haikuichuma. StarCraft II ya mwaka 2010 ilifanya angalau uungwana wa kuziita ngazi za ugumu za namna hiyo kwa jina la udanganyifu.

Anayetaka kutunga mpinzani mwaminifu hugawa kazi katika tabaka: la juu huamua uchumi na wakati wa kushambulia, la kati huunda vikosi, la chini huongoza kila askari. Kwa tabaka hilo la chini hutumika sana kanuni ya kutafuta njia iitwayo A*, iliyotangazwa mwaka 1968, ambayo hujumlisha gharama ya njia iliyokwisha kupitwa na makadirio ya iliyobaki. Iwapo ramani ingekuwa ya Mwanza, gari la kwenda Sengerema lingepimiwa muda wa kusubiri kivuko cha Kigongo–Busisi dhidi ya kuizunguka Ghuba ya Mwanza kwa barabara, na mara baada ya daraja la mahali hapo lililofunguliwa mwaka 2025 kuingizwa katika ramani hiyo, njia bora ingegeuka bila mtu kuiandika upya programu.

Wachezaji wa kawaida nao waliingia katika kazi hii. Age of Empires II, ya mwaka 1999, iliwawezesha kuandika wapinzani wao kwa kanuni fupi za sharti na tendo, na mwaka 2010 Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz, kiliandaa mashindano ya programu zilizopambana katika StarCraft, ambayo mshindi wake alikuwa Overmind ya Berkeley. Hata hivyo, suala la macho ya mashine halikuisha. AlphaStar ya kampuni ya DeepMind, akili unde iliyojifunza kwa kucheza dhidi ya nakala zake yenyewe, iliwashinda wachezaji wawili wa kulipwa wa StarCraft II mara 10 mfululizo Desemba 2018, lakini ilikuwa ikiiona kwa pamoja kila sehemu ya ramani isiyofunikwa na ukungu, ilhali binadamu hulazimika kuisogeza skrini yake. Januari 2019 toleo lililofungwa kwa sharti hilo la skrini lilishindwa na Grzegorz Komincz wa Poland, mmoja wa wale wawili. Kufikia Oktoba mwaka huohuo, toleo jingine, lenye sharti la skrini na kikomo cha kasi ya kutenda, liliwekwa katika daraja la juu ya asilimia 99.8 ya wachezaji.