Zamu ya Wanawake wa Mlima Chenoua

Ukisoma wasifu wa Assia Djebar utakutana na pengo. Riwaya yake ya kwanza, La Soif, ilitoka mwaka 1957, akiwa binti wa miaka ishirini hivi. Kufikia 1967 alikuwa na riwaya nne. Baada ya hapo, hadi 1980, hakutoa kitabu chochote cha hadithi. Kipindi hicho huitwa miaka ya ukimya wake. Mimi naona jina hilo linamdhulumu.

Alizaliwa mwaka 1936 mjini Cherchell, pwani ya Algeria, akaitwa Fatima-Zohra Imalayène. Baba yake, mwalimu katika shule ya Kifaransa, alimsomesha wakati wasichana wengi wa rika lake walikuwa wakifungiwa ndani. Mwaka 1955 akawa mwanamke wa kwanza wa Algeria kuingia École normale supérieure ya Sèvres, Ufaransa. Mwaka uliofuata aligoma pamoja na wanafunzi wenzake wa Algeria, kwa sababu vita vya uhuru vilikuwa vinawaka kwao. Kifaransa kilikuwa kimemtoa nyumbani, na kilikuwa pia lugha ya jeshi lililowaua watu wake. Kiarabu cha nyumbani alikizungumza, ila riwaya aliziandika kwa Kifaransa.

Katika miaka ya 1970 alishika kamera. Alirudi eneo la Mlima Chenoua, kwa watu wa upande wa mama yake, akawahoji wanawake wa vijijini kuhusu vita. Mahojiano hayo yakazaa filamu ya takriban saa mbili, La Nouba des femmes du Mont Chenoua, ya mwaka 1977. Mhusika mkuu, Lila, anazunguka vijijini akisikiliza. Mumewe amekaa kwenye kiti cha magurudumu baada ya ajali, anatazama tu. Kwa mara moja mwanamume ndiye aliyebaki ndani, na wanawake ndio wenye barabara na maneno. Mwaka 1979 filamu hiyo ilipata tuzo ya wahakiki huko Venice.

Kisa hiki kinanigusa kwa sababu nasomea uzamili wa historia, na tasnifu yangu imejengwa juu ya mahojiano na akina bibi. Wao wanasema Kiswahili. Mimi natakiwa kuandika Kiingereza. Bibi akisema "tulisitiriana," naweza kuandika kwamba walisaidiana, na hakuna msimamizi atakayelalamika. Lakini ile aibu waliyofunikiana itakuwa imeachwa nje.

Djebar, ambaye naye alifundisha historia chuo kikuu, aliirudia kazi hiyo kwa kalamu. Katika L'Amour, la fantasia ya 1985 aliweka maandishi ya maofisa wa Kifaransa walioivamia Algeria mwaka 1830 bega kwa bega na sauti za wanawake wa vita vya uhuru. Wamo pia watu waliouawa kwa moshi ndani ya mapango ya Dahra mwaka 1845. Mwaka 2005 alichaguliwa kuingia Académie française, chombo kinacholinda Kifaransa chenyewe. Alifariki 2015, akazikwa Cherchell.

Heshima hizo alistahili. Hata hivyo, wanawake wengi wa vijijini wa kizazi kile hawakupata shule, na riwaya ya Kifaransa isingewafikia bila mkalimani. Filamu waliweza kuisikia, kwa lugha yao, na sauti zikiwa zao. Katika kazi zake zote, hii ndiyo iliyoweza kurudi kwa waliosimulia. Ndiyo maana siwezi kuiita ukimya.

Tasnifu yangu itakaa maktaba, na pengine itasomwa na watu watano. Sauti nilizorekodi nimekubaliana na wajukuu tuziweke kwenye simu zao, nzima, bila kukatwa, bila tafsiri yangu.