Sapu ya ngoma na nusu duara ya bibi

Kiomboi, Jumamosi usiku.

Mwenzenu nipo Iramba nyumbani. Wenzangu wa mwaka wa pili wako likizo, wanaposti picha za ufukweni, mimi nimerudi na begi limejaa madesa kwa sababu nina sapu. Moja tu. Na sio ya takwimu za elimu ambayo kila mtu aliilia, ni ya NGOMA. Ndio, ngoma. Mtoto wa Singida, nimekulia kwenye ngoma za mavuno na za harusi, nimefeli pepa ya ngoma. Cheka, ukimaliza uendelee kusoma.

Watu wengi wakisikia nasoma ualimu na somo langu mojawapo ni sanaa za maonyesho wanadhani mtihani wetu ni kukata nyonga mbele ya mwalimu. Vitendo vipo, na huko nilipata vizuri tu. Kilichoniangusha ni pepa ya kuandika, sehemu ya koreografia, yaani kazi ya kupanga ngoma: nani anaingia kutoka wapi, wanasimama vipi, lini wanageuka, kwa nini. Swali lilikuja kwa Kiingereza, nalileta hapa kwa lugha yetu: jadili namna mpangaji alivyotumia nafasi, muda na nguvu katika ngoma moja ya asili ya Tanzania.

Mimi nikachagua sindimba. Nikamwaga kila nilichokariri: ni ya Wamakonde, Mtwara, inahusiana na sherehe za jando na unyago, ngoma zake ni hizi, mavazi yake haya. Kurasa tatu! Halafu nikamalizia kwa kujiamini kabisa kwamba ngoma za asili hazina mpangaji kwa kuwa ni mali ya jamii nzima na zimerithiwa tangu enzi na enzi. Nilipata 4 kwa 20. Kwenye hiyo sentensi ya mwisho kulikuwa na duara la wino mwekundu na alama ya kuuliza. Basi, hakuna maelezo mengine.

Wiki nzima nilikasirika. Nilidhani nimeonewa. Sindimba nani alipanga, jamani? Kuna mtu anajua?

Juzi nikawa namenya karanga na bibi, nikamsimulia. Bibi yangu ni Mnyiramba, ana miaka sabini na kitu, na mimi ananiita mke mwenza kama bibi wote wanavyofanya. Nikamwambia, bibi, wananiuliza ngoma ya asili ilipangwa na nani. Akaniangalia kama vile nimeuliza ugali unapikwa na nani.

“Ile tunayocheza hapa niliipanga mimi, mke mwenza. Hukujua?”

Sikujua.

Akanisimulia. Baada ya watu kuhamishiwa kijijini wakati wa Operesheni Vijiji, miaka ya katikati ya 1970, kikaja kipindi cha wageni wakubwa kutembelea vijiji vya ujamaa. Siku moja wakaambiwa anakuja mgeni, akina mama waandae ngoma, dakika tano, na mgeni atakaa pale chini ya turubai. Ngoma yao ilikuwa ya duara. Wapigaji katikati, wanawake wanazunguka, na mama yeyote aliyeguswa na wimbo anaingia, anacheza, anatoka. Inaisha watu wakichoka. Sasa bibi, ambaye ndiye alikuwa kiongozi, akaona matatizo mawili. Ukicheza duara, nusu ya watu wanampa mgeni mgongo. Na ndani ya dakika tano ngoma haijapata hata moto.

Akafanya hivi. Akalikata duara likawa nusu, uwazi ukaelekea kwenye turubai. Wapigaji akawatoa katikati akawaweka nyuma. Wimbo akauanzia pale ambapo kwa kawaida unafika watu wakishaloa jasho. Lakini wapigaji wakiwa nyuma, wachezaji hawaioni mikono yao tena, hawajui mdundo unabadilika lini. Kwa hiyo akamweka mama mmoja mwishoni mwa mstari na filimbi. Akipuliza mara moja, wanageuka. Mara mbili, wanainama.

Nafasi, muda, nguvu! Nikaacha karanga nikakimbilia daftari.

Kilichoniuma ni alichomalizia. Rafiki yake mmoja, mchezaji mzuri kuliko wote, alirudi nyumbani siku ile kabla ngoma haijaanza. Alisema ngoma isiyo na mlango wa kuingilia sio ngoma, ni gwaride. Hakucheza tena na kikundi. Na leo hii, bibi anasema, mabinti wa kijijini wanacheza ile nusu duara hata kwenye harusi, ambako hakuna mgeni wala turubai, filimbi inapulizwa na wapigaji wameachwa huko nyuma. Ukiwauliza wanajibu ndivyo ilivyo asili yetu.

Sasa turudi kwenye historia, maana ndilo somo langu la pili na lingepaswa kuniokoa.

Tuanze na majirani zetu Wasukuma. Kwao kuna vyama viwili vya ngoma vinavyoshindana, Bagika na Bagalu, na simulizi zao zenyewe zinawataja waanzilishi kwa majina: Ngika na Gumha, waganga na viongozi wa ngoma wa karne ya 19. Mashindano yao baada ya mavuno ni rahisi kuyaelewa: pande mbili zinacheza kwa wakati mmoja, na anayevuta watu wengi ndiye mshindi. Ukiwa kiongozi kwenye hali hiyo lazima UPANGE. Ndiyo maana wapo waliocheza na chatu, wapo waliorusha majembe hewani kama kwenye bugobogobo. Kila upande ulikuwa unatafuta kitu kipya cha kumtoa mtazamaji upande wa pili. Halafu mimi nakaa kwenye chumba cha mtihani naandika hazina mpangaji.

Au chukua beni. Ilianza miji ya pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19, vijana wakiiga bendi za Wazungu: matarumbeta, sare, gwaride, vyeo vya kijeshi, na makundi hasimu. Ikaingia Tanganyika, ambako makundi hasimu yalikuwa Marini na Arinoti, na Vita Kuu ya Kwanza ikaisambaza bara pamoja na askari na wapagazi. Mwanahistoria Terence Ranger aliandika kitabu kizima juu yake, kilichotoka 1975. Kule Ziwa Nyasa ndugu yake beni ni mganda, wanaume wamepanga mistari, nguo nyeupe, hatua kama askari. Leo mganda unachezwa kwenye matamasha kama ngoma ya asili, na ni ya asili kweli, ila kuna watu waliokaa wakaamua gwaride la mkoloni tuligeuze hivi na hivi. (Rafiki wa bibi angekuwa na la kusema hapa.)

Kuna pia lelemama ya akina mama wa pwani, ambayo viongozi wake walikuwa watu wenye majina na vyeo. Na Bibi Titi Mohamed alikuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma Dar es Salaam kabla ya kuingia TANU, na vikundi vile vya ngoma ndivyo alivyovitumia kuwapata wanawake wanachama. Mtu anayejua kupanga wanawake mia wacheze kwa pamoja hashindwi kuitisha mkutano.

Halafu inakuja ile sehemu ambayo nilipaswa kuiandika kwenye swali la sindimba. Desemba 10, 1962, siku moja baada ya Tanganyika kuwa Jamhuri, Mwalimu Nyerere alilihutubia Bunge akatangaza wizara ya utamaduni wa taifa na vijana. Alisikitika kwamba waliosoma walijua rumba na twisti, lakini gombe sugu, kiduo na lelemama wengine hawajazisikia hata kwa jina. Kikaundwa kikundi cha ngoma cha taifa: vijana wa makabila mbalimbali wakae Dar es Salaam, wajifunze ngoma za kila upande, Mnyiramba acheze ya Mmakonde.

Fikiria hiyo kazi. Ngoma inayochezwa usiku mzima kijijini, na watu wanaojua maana ya kila hatua, unaiweka jukwaani kwa dakika chache mbele ya mgeni wa serikali. Watazamaji wamekaa upande mmoja. Duara linafunguka linakuwa mstari. Wachezaji wanaitazama hadhira badala ya kutazamana. Kinachobaki ni kile kinachoonekana kwa mbali, na kwenye sindimba kinachoonekana kwa mbali ni kiuno. Ndiyo sababu nchi nzima tunaijua sindimba kama ngoma ya kiuno, na shule za msingi kutoka Bukoba hadi Songea zinaicheza kwa mistari ileile mbele ya mgeni rasmi. Vikundi vya taifa vilipovunjwa, Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilichofunguliwa 1981, ambacho tangu 2007 ni taasisi inayoitwa TaSUBa, kikaendeleza kazi hiyo kwa kufundisha walimu na wasanii. Sindimba niliyoielezea kwenye kurasa zangu tatu ilikuwa hii ya jukwaani, nikaipa sababu za ile ya unyago. Duara jekundu nimelielewa sasa.

Sitaki kusema waliifanya vibaya. Bibi naye alifanya vilevile na nampenda. Ila aliyeamua yupo, na uamuzi wake una bei, na mtahini anataka nimwonyeshe vyote viwili.

Kwa wenzangu wenye pepa ya aina hii, hasa mnaoenda kufundisha: acheni kukariri orodha ya makabila na mavazi. Chora. Weka wachezaji ni vitone, wapigaji ni miraba, watazamaji ni mstari, halafu jiulize nini kinawalazimisha wakae hivyo. Wakati mwingine ni chombo chenyewe. Muheme ya Wagogo, ambao kwa mkoa wetu wako Manyoni, inapigwa na wanawake na ngoma wanaibana katikati ya mapaja. Ukibana ngoma mapajani hukimbii, huruki. Kwa hiyo nguvu yote inahamia kwenye mikono, mabega na sauti, na wanaozunguka ni wale wasio na ngoma. Hiyo ni aya nzima ya jibu, na unaipata kwa kutazama tu. Rudolf Laban aliyetoa mfumo wake wa kuandika miondoko kwa alama mwaka 1928 yupo kwenye desa letu na lazima umtaje, sawa, lakini alama zake hazikuambii turubai lilikuwa wapi.

Sapu nitajibu kwa ngoma ya bibi. Nimemwomba ruhusa, akaniuliza kama huyo mtahini ni mtu wa Singida. Nikamwambia sijui. Akasema basi andika vizuri asije akadhani tulikuwa tunacheza tu. Nimemwonyesha mchoro wangu jioni hii, akavaa miwani, akauangalia muda mrefu, akachukua kalamu akanifutia kitone kimoja. Mwenye filimbi alikuwa upande wa kushoto. Kulia kulikuwa na jua, angefumba macho.

Jumanne alfajiri napanda basi kurudi chuo. Bando linaishia hapa.