Kicheko na Mavazi: Dhihaka dhidi ya Vijana wa Mtindo katika Miji ya Afrika Mashariki

Dhihaka wanayotupiwa vijana wapendao mitindo mipya huelezwa mara nyingi kuwa ni ugomvi wa kawaida baina ya wazee na vijana. Maelezo hayo hayatoshi. Historia ya miji yetu yaonyesha kwamba anayecheka mara nyingi ni kijana mwenzake, na kwamba kinachogombaniwa si nguo, bali haki ya kuamua nani ahesabiwe mtu wa heshima mjini.

Tuanze na beni. Ngoma hii ilizuka katika miji ya pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19, ikaenea bara pamoja na askari wa Vita Vikuu vya 1914-1918. Wachezaji walivaa sare za kijeshi na kupeana vyeo vya Kizungu. Wamishenari waliwaona kuwa waigaji wapotovu. Hata hivyo, dhihaka ilikuwamo ndani ya beni yenyewe: katika Tanganyika, Marini walijigamba kuwa watu wa daraja, na Arinoti wakahesabiwa makabwela. Kila upande ulijipatia uenyeji kwa kumcheka mwenzake.

Mfano wa pili ni mzito zaidi. Mnamo Oktoba 1968, Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ambayo ingeanza tarehe 1 Januari 1969. Vimini, mawigi, dawa za kuchubua ngozi na suruali za kubana vilipigwa marufuku kwa jina la utamaduni wa taifa. Hata kabla ya siku hiyo kuwadia, makundi ya vijana wa kiume yaliwavamia wanawake huko Kariakoo, Dar es Salaam, na polisi wakalazimika kuingilia kati.

Yafaa tujiulize: mbona mkono uliinuliwa zaidi dhidi ya wanawake? Katika barua zilizochapwa magazetini wakati huo, wako waliohoji iwapo suti na tai zilikuwa za Kiafrika kuliko kimini. Swali hilo lilifichua jambo. Miaka ile wasichana waliosoma walikuwa wakiingia maofisini kama wapiga chapa na makarani, wakipata mshahara wao wenyewe, hali vijana wengi wa kiume walitangatanga bila kazi. Kimini kiligeuka alama ya mji uliowafungia mlango. Aliyeshindwa kuushtaki mji alimshtaki mpita njia.

Hapa ndipo utamu wa kicheko unapoeleweka. Kumcheka kijana wa mtindo hakugharimu kitu. Humpa mchekaji cheo cha mlinzi wa mila bila kumdai elimu wala mali. Aidha, humfichia uigaji wake mwenyewe. Katika miaka ya 1970 zamu ikawa ya suruali za bugaluu na viatu vya raizoni. Leo waliovaa bugaluu ni wazee, na baadhi yao huwakebehi wajukuu.

Basi mtafiti wa lugha asiyapuuze maneno ya kejeli kwa kuyaona kuwa ni mzaha tu. Neno kama mhuni hutangulia, na mkono hufuata. Kariakoo ya 1968 ni ushahidi kwamba kicheko cha umma kikipewa baraka ya mamlaka hakikawii kuwa kipigo, na anayepigwa huwa ni yule asiye na mtetezi.